Jumla ya mwisho wa mwezi haitoshi: jinsi ya kutengeneza ripoti inayochimbuka hadi kwenye risiti

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa ukanda huu sasa wana kompyuta ofisini. Karani anaingiza gharama za dizeli, posho za madereva, malipo ya mizani na ada za mpakani. Mwisho wa mwezi anachapisha karatasi moja yenye mapato, gharama na faida. Mwenye mali anaitazama, anafurahi au anakasirika, kisha anaiweka kwenye faili.

Karatasi hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikamfanya mwenye mali akaamua vibaya. Inamwambia kiasi alichopata, haimwambii alikipata wapi wala alikipotezea wapi. Akiuliza "kwa nini njia hii hailipi?", karani hana jibu mpaka apekue risiti siku tatu. Mara nyingi uamuzi unafanyika kabla ya siku hizo tatu kwisha: njia inafungwa, lori linauzwa, dereva anaachishwa kazi.

Ipo namna nyingine ya kutengeneza ripoti, na haihitaji programu ya bei kubwa. Ni ripoti ambayo kila tarakimu iliyomo inafunguka. Ukibofya jumla, inakuonyesha njia zilizoijenga. Ukifungua njia, unaona wateja. Ukifungua mteja, unaona safari, na ukifungua safari unaona risiti moja moja. Katika makala haya tutaiita ripoti ya kuchimbua. Tutaeleza inavyofanya kazi, jinsi ya kuitengeneza na mitego yake.

Mfano wa malori ya Bujumbura

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina malori 12 na makao yake ni Dar es Salaam. Inapeleka makontena Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Katika miezi mitatu imefanya safari 60. Hesabu zote ni kwa dola, kabla ya kutoa gharama za ofisi:

Kigali: safari 30, mapato 90,000, gharama 69,000, faida 21,000.
Bujumbura: safari 18, mapato 59,400, gharama 57,600, faida 1,800.
Lubumbashi: safari 12, mapato 66,000, gharama 57,600, faida 8,400.
Jumla: safari 60, mapato 215,400, gharama 184,200, faida 31,200.

Ukigawa faida kwa safari, Kigali inaleta dola 700 kwa kila safari na Lubumbashi vilevile dola 700. Bujumbura inaleta dola 100 tu. Tairi moja ikipasuka, hiyo dola 100 imekwisha. Mwenye mali yeyote akiona karatasi hii atasema: "Bujumbura tuachane nayo, malori yaende Kigali."

Sasa tufungue mstari wa Bujumbura na kuupanga kwa wateja. Wako watatu:

Mteja wa kwanza: safari 7, mapato 23,100, gharama 18,200, faida 4,900.
Mteja wa pili: safari 6, mapato 19,800, gharama 15,900, faida 3,900.
Mteja wa tatu: safari 5, mapato 16,500, gharama 23,500, hasara 7,000.

Picha imegeuka. Wateja wawili wa mwanzo wameleta faida ya dola 8,800, yaani wastani wa karibu dola 677 kwa safari, sawa tu na Kigali. Hasara yote imetoka kwa mteja mmoja. Mwenye mali angefunga njia, angewafukuza na wale wawili wazuri.

Tuendelee kuchimba. Kwa mteja wa kwanza gharama ya safari moja ni dola 2,600 kwa wastani. Kwa mteja wa tatu ni dola 4,700. Tofauti ni dola 2,100 kwa kila safari. Tukifungua safari hizo 5 kwa aina ya gharama, tunaona dizeli iko sawa, ada za mpakani ziko sawa, matengenezo yako sawa. Zilizopanda ni aina tatu tu: tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena imeongezeka dola 1,680 kwa safari, posho ya dereva na utingo dola 280, na maegesho na ulinzi dola 140. Zikijumlishwa ni dola 2,100 kamili.

Gharama hizo zote tatu hukua kwa siku. Kwa hiyo tunafungua upande wa tarehe. Kwa kawaida lori linatoka Dar es Salaam, linashusha Bujumbura na kurudi kwa siku 10. Kwa mteja huyu limechukua siku 24 kwa wastani. Bandarini halikukawia, na mpaka wa Kabanga na Kobero halikukawia. Siku 14 zote zimekaa kati ya tarehe ya kufika kwa mteja na tarehe ya kushusha. Mteja hana ghala la kutosha, na ameligeuza lori kuwa ghala lake.

Kumbe tatizo halikuwa barabara, mpaka wala dereva. Lilikuwa mkataba usiosema nani analipa lori likisubiri. Dawa yake ni kukaa na mteja na kuandika kwamba siku mbili za kwanza za kushusha ni bure, na kuanzia ya tatu analipa kwa siku, pamoja na tozo ya kontena inayotokana na uchelewaji wake. Akikataa, ni yeye anayeachwa, na njia inabaki.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuonekana katika safu yoyote ya fedha. Safari 5 mara siku 14 ni siku 70 za lori lililosimama. Kwa safari ya siku 10, hizo ni safari 7 ambazo hazikufanyika.

Ndani ya kompyuta kunafanyika nini

Jambo hili linaonekana kama uchawi lakini ni kazi rahisi. Kompyuta inafanya mambo mawili tu, tena kwa zamu: kuchuja na kupanga.

Ripoti ya kwanza ilichukua mistari yote ya miezi mitatu, ikaipanga kwa njia na kujumlisha kila fungu. Ulipobofya Bujumbura, kompyuta ilichuja, ikabakisha mistari ya Bujumbura peke yake, kisha ikaipanga upya kwa mteja. Ulipobofya mteja wa tatu, iliongeza sharti la pili, na kilichobaki ikakipanga kwa aina ya gharama. Kila unapobofya, sharti moja linaongezeka na mpangilio unabadilika. Mwisho wa safari hiyo yamebaki maandishi yenyewe kama karani alivyoyaingiza.

Wazo la kuhifadhi habari za biashara katika majedwali yanayohusiana lilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM. Hadi leo hifadhidata nyingi za benki, maduka na kampuni za usafirishaji zimejengwa juu ya wazo hilo. Programu za kawaida za mahesabu nazo zimebeba sehemu yake, kama tutakavyoona.

Kutokana na maelezo hayo linatoka fundisho moja kubwa: huwezi kuchimba mahali ambapo hakuna kilichofukiwa. Kama karani aliandika "gharama za safari, dola 4,700" katika mstari mmoja, hakuna programu duniani itakayoigawa tena iwe dizeli, posho na tozo. Kazi ya ripoti inaanzia kwenye daftari.

Daftari kwanza

Kanuni ya kwanza: mstari mmoja, tukio moja. Kila risiti iwe na mstari wake. Dereva akirudi na risiti 9, iingizwe mistari 9.

Kanuni ya pili: kila safari ipewe namba yake kabla lori halijatoka yadi, na namba hiyo iandikwe kwenye kila mstari unaoihusu. Namba ya lori haitoshi, kwa sababu lori moja linafanya safari nyingi. Jina la dereva halitoshi, kwa sababu madereva hubadilishana. Namba ya safari ndiyo kamba inayofunga risiti, mteja, njia, lori na dereva pamoja.

Kwa msafirishaji mdogo au wa kati, jedwali moja lenye safu hizi linatosha kuanzia:

Tarehe, namba ya safari, njia, mteja, lori, dereva, aina, mahali, kiasi, sarafu, kiwango cha kubadilishia, kiasi kwa dola, namba ya risiti, idadi ya safari, siku.

Katika safu ya "aina" andika mapato na gharama zote: nauli, dizeli, posho, mizani, ada ya mpakani, wakala wa forodha, tozo ya kontena, maegesho, matengenezo. Nauli iingie kama tarakimu ya kawaida, na gharama ziingie na alama ya kutoa. Ukifanya hivyo, kujumlisha safu ya kiasi kwa dola kunakupa faida moja kwa moja, iwe kwa njia, kwa mteja au kwa lori.

Safu mbili za mwisho zinahitaji maelezo. Ukiiambia kompyuta ihesabu mistari, itakupa idadi ya risiti, wala si idadi ya safari. Kwa hiyo kwenye mstari wa nauli, ambao uko mmoja kwa kila safari, andika 1 katika safu ya "idadi ya safari", na kwenye mistari mingine andika 0. Siku za safari nazo ziandike kwenye mstari huo wa nauli tu. Ukizirudia kwenye kila mstari, safari ya siku 10 yenye risiti 9 itasomeka siku 100.

Kanuni ya tatu: jina moja, mwandiko mmoja. Kwako "Bujumbura", "Buja" na "B'jumbura" ni mji mmoja. Kwa kompyuta ni miji mitatu, na faida yako itagawanyika mara tatu. Tengeneza orodha maalumu ya njia, wateja na aina za gharama, na karani achague kutoka kwenye orodha badala ya kuandika kila mara. Excel na programu nyingine za mahesabu zinaruhusu kufunga safu isikubali neno lisilo kwenye orodha.

Kanuni ya nne: tarehe iandikwe kama tarehe. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 03/04 kwa maana ya tarehe 3 Aprili, kompyuta inaweza kuisoma tarehe 4 Machi, na safari ikahama mwezi. Rekebisha mpangilio wa kompyuta kwanza, halafu ndipo uanze kazi.

Mwisho, usiache mistari mitupu katikati, usiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja, wala usiweke jumla ndogo katikati ya jedwali. Jedwali ni stoo ya kuweka vitu, na ripoti ndiyo duka la kuvionyesha. Yasichanganywe.

Sarafu tano, hesabu moja

Safari moja ya kuvuka mpaka inaweza kulipiwa nauli kwa dola, dizeli kwa shilingi ya Tanzania, na ada na maegesho kwa faranga ya Burundi au ya Rwanda. Kwa wanaotokea Mombasa kuna shilingi ya Kenya na ya Uganda. Wanaopita Tunduma na Nakonde wana kwacha ya Zambia. Kosa baya kuliko yote ni kuziweka zote katika safu moja na kuzijumlisha. Kompyuta haitalalamika. Itakupa tarakimu kubwa isiyo na maana yoyote.

Andika kiasi kama kilivyo kwenye risiti, andika sarafu yake, andika kiwango cha kubadilishia cha siku ile, kisha kompyuta ikokotoe kiasi kwa dola au kwa sarafu unayotumia katika hesabu zako. Usifute kiasi cha mwanzo, kwa sababu siku ya ubishi ndicho utakacholinganisha na risiti.

Kiwango kiwe kile ulichobadilishia kweli. Ukitumia kiwango cha leo kwa safari za miezi sita iliyopita, faida ya Januari itakuwa inabadilika kila unapofungua ripoti, na hakuna mtu atakayeiamini tena.

Kutengeneza ripoti hatua kwa hatua

Tutaeleza kwa Excel kwa sababu ndiyo iliyoenea ofisini. LibreOffice Calc, ambayo hupatikana bure, ina chombo cha namna hiyohiyo, ingawa menyu na baadhi ya hatua zinatofautiana.

Hatua ya kwanza: bofya popote ndani ya jedwali lako, kisha bonyeza Ctrl na T kwa pamoja. Jedwali linageuka kuwa kitu kimoja kinachojiongeza lenyewe kila mstari mpya unapoingia. Usipofanya hivi, ripoti inaweza kuishia kwenye mstari wa 500 huku wewe umefika wa 900.

Hatua ya pili: nenda kwenye menyu ya "Insert", chagua "PivotTable", kisha kubali ukurasa mpya. Upande mmoja wa skrini utaona orodha ya safu zako, na chini yake visanduku vinne.

Hatua ya tatu: katika kisanduku cha "Rows" vuta njia, chini yake mteja, chini yake namba ya safari, na mwisho aina. Mpangilio huu ndio ngazi ya kuchimbia, kutoka pana kwenda nyembamba. Katika kisanduku cha "Values" vuta kiasi kwa dola, idadi ya safari na siku. Hakikisha zimewekwa kwenye kujumlisha, yaani "Sum", na si kuhesabu, yaani "Count".

Hatua ya nne: kando ya kila jina utaona alama ndogo ya kujumlisha au ya kutoa. Bofya za kutoa mpaka zibaki njia peke yake. Sasa una ripoti fupi ya mistari mitatu. Anayetaka zaidi anafungua anakotaka.

Hatua ya tano, ambayo wengi hawaijui: bofya mara mbili juu ya tarakimu yoyote iliyo ndani ya ripoti. Excel inafungua ukurasa mpya wenye mistari yote iliyoijenga tarakimu hiyo, pamoja na tarehe na namba za risiti. Hapo ndipo unapoita faili la risiti na kulinganisha. Kumbuka kwamba ukurasa huo ni nakala. Ukikuta kosa, lirekebishe kwenye jedwali la mwanzo.

Hatua ya sita: kwa toleo la mwaka 2010 na yaliyofuata, unaweza kuongeza vitufe vya kuchujia vinavyoitwa "Slicer". Weka kimoja cha mwezi na kimoja cha lori. Mwenye mali asiyependa kompyuta ataweza kubofya "Juni" na kuona Juni, bila kumwita karani.

Na usisahau: ripoti hii huenda isijisasishe yenyewe unapoingiza risiti mpya. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake na uchague "Refresh" kabla ya kusoma.

Je, Excel inatosha? Kampuni ya mfano wetu inafanya safari kama 240 kwa mwaka. Kila safari ikiwa na mistari 10, ni mistari 2,400. Tangu toleo la 2007, ukurasa mmoja wa Excel unabeba mistari zaidi ya 1,000,000. Wingi wa mistari si shida. Shida inaanza makarani watatu wakiwa Dar es Salaam, Rusumo na Kasumbalesa wanapotaka kuandika kwa wakati mmoja. Hapo ndipo hifadhidata kamili kama MySQL au PostgreSQL, ambazo zote ni za bure, zinapohitajika. Juu yake unaweza kuweka programu ya ripoti kama Metabase au Power BI. Kanuni za daftari zinabaki zilezile.

Mitego ya kuepuka

Mtego wa kwanza ni wa wale waliotenganisha jedwali la safari na jedwali la gharama. Kutenganisha ni kuzuri, lakini ukiyaunganisha ovyo, nauli inarudiwa kwenye kila mstari wa gharama. Safari ya dola 3,300 yenye risiti 8 itaonekana imeingiza dola 26,400. Jumlisha kwanza gharama za kila safari ziwe mstari mmoja, halafu ndipo uunganishe na nauli.

Mtego wa pili ni wastani na asilimia. Wastani haujumlishwi. Katika mfano wetu faida kwa safari ni dola 700, 100 na 700. Ukitafuta wastani wa hizo tatu unapata dola 500. Ukigawa faida yote ya dola 31,200 kwa safari 60 unapata dola 520. Tarakimu ya kweli ni ya pili. Hifadhi jumla, na ugawanye mwishoni katika kila ngazi.

Mtego wa tatu ni gharama zisizo na safari: bima ya mwaka, Kadi ya Njano ya COMESA, mishahara ya ofisi, kodi ya yadi. Wengine huziacha nje, na ripoti inaonyesha faida ambayo benki haiioni. Ziingize kwa namba ya safari iitwayo "OFISI", ili zionekane wazi katika mstari wao. Kisha kila mwezi linganisha jumla ya ripoti na kitabu cha fedha na taarifa ya benki. Zisipolingana, usichimbe chochote kwanza. Tafuta kilichopotea.

Mtego wa nne unahusu usalama wako. Ukimtumia mteja faili la Excel lenye ripoti hii, hata kama umefuta jedwali la mwanzo, nakala ya mistari yote huwa imehifadhiwa ndani ya ripoti yenyewe. Akibofya jumla mara mbili, anaona wateja wako wote na nauli unayomtoza kila mmoja. Kwa mtu wa nje tuma PDF au karatasi iliyochapishwa.

Dereva naye ana haki katika hesabu

Ripoti ikipangwa kwa dereva inavutia sana, na ndiyo inayoumiza kuliko zote isiposomwa vizuri. Rudi kwenye mfano wetu. Dereva aliyepangiwa safari 3 kati ya zile 5 za mteja wa tatu ataonekana wa gharama kubwa kuliko wote. Ametumia posho nyingi, amekaa njiani siku nyingi, amelipia maegesho mengi. Anayesoma ngazi ya juu tu atasema huyu ni mwizi. Anayechimba ataona kwamba dizeli yake kwa safari ni ileile ya wenzake, na siku zote za ziada alikuwa ameegesha mbele ya ghala la mteja, akisubiri.

Kinyume chake pia kipo. Panga mistari kwa namba ya risiti na uhesabu. Namba iliyojitokeza mara mbili ifunguliwe. Huenda karani aliiingiza mara mbili kwa bahati mbaya, au huenda risiti moja imelipwa mara mbili. Kabla ya kumwita mtu ofisini, chimba mpaka chini, na uwe na risiti mkononi.

Pima kipande kwa kipande

Ili kuchimba muda kama unavyochimba fedha, unahitaji tarehe zaidi ya mbili. Weka jedwali dogo la safari lenye tarehe ya kupakia, kutoka bandarini, kufika mpakani, kuvuka, kufika kwa mteja, kushusha na kurudi. Siku zako zitagawanyika vipande, na utajua ugomvi wako ni na bandari, na mpaka, na mteja, au na gereji yako mwenyewe.

Hivyo ndivyo wanavyofanya hata wenye kusimamia njia kuu. Mamlaka ya uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, hukusanya na kuchapisha takwimu za muda wa safari kwa vipande, toka bandarini hadi mipakani na miji ya mbele. Ushoroba wa Kati unaotokea Dar es Salaam nao una kitengo cha kazi hiyo. Ukiwa na vipande vyako unaweza kujilinganisha na wenzako, na ukienda kwenye kikao cha wadau kulalamikia mpaka fulani, unakwenda na tarehe mkononi.

Hata kwa mwenye gunia kumi

Mfanyabiashara mdogo anayevusha mchele, maharage au vitunguu Namanga, Busia au Mutukula asidhani haya hayamhusu. Daftari la shule lenye safu za tarehe, bidhaa, mpaka, magunia, bei ya kununua, usafiri, ada na bei ya kuuza linatosha. Mwisho wa mwezi, badala ya kujumlisha vyote, jumlisha kwa bidhaa, halafu kwa mpaka. Huenda ukagundua kwamba maharage ndiyo yanayolisha vitunguu, au kwamba bidhaa ileile inalipa mpaka mmoja na kula mtaji mpaka mwingine.

Kwa anayetaka kuanza, asisubiri mwaka mpya wala programu mpya. Safari itakayotoka yadi kesho ipewe namba. Risiti zake ziingizwe moja moja. Baada ya safari kumi kutakuwa na kitu cha kuchimba. Na kabla ya kufunga njia, kuuza lori au kumwachisha mtu kazi, fungua tarakimu hiyo mpaka uione risiti iliyoizaa.